Difu ya Eunos Roadster inagonga na kulia: je, nati ya pinioni ikazwe?

SWALI: Mhariri wa safu ya ufundi, ninamiliki Eunos Roadster ya mwaka 1991, injini ya lita 1.6, iliyoagizwa kutoka Japani. Kila ninapoachia mafuta na kukanyaga tena, husikika kishindo kizito nyuma, na kwa miezi kadhaa sasa difu (sanduku la gia za nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu) inalia kama mluzi ninapoongeza mwendo barabara kuu. Fundi wangu ameizungusha kwa mkono propela shafti, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu, akasema difu imelegea na kwamba dawa yake ni kukaza nati ya pinioni. Je, nimruhusu? – Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, usimruhusu. Nati hiyo hubana beringi mbili zinazoshika shafti ya pinioni, yaani gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela, na kiasi cha kubana hupangwa na kijibomba cha chuma laini ambacho hupondwa mara moja tu, siku difu inapofungwa. Ukiikaza zaidi, kijibomba kinapondeka kupita kipimo, beringi zinapata moto na kuharibika, ilhali uwazi kati ya meno ya pinioni na ya kraunwili (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) unabaki vilevile, kwa kuwa huo hurekebishwa ubavuni mwa kraunwili na si kwenye nati.

Isitoshe, kucheza kwa propela peke yake ni ushahidi dhaifu. Katika gari lako pinioni huzunguka mara 4.3 kwa kila mzunguko mmoja wa kraunwili, hivyo ulegevu mdogo sana ulioko kwenye hafu shafti, zile fupi zinazotoka difu kwenda magurudumuni, huonekana zaidi ya mara nne ukipimwa huku mbele. Gari lipandishwe juu ya stendi imara, breki ya mkono ikiwa imevutwa, kisha fundi ashike flanji ya pinioni, yaani sahani inayofungwa na propela, na kuitikisa juu na chini, halafu mbele na nyuma. Ikicheza hata kidogo kwa namna hiyo, beringi za pinioni zimekwisha. Aangalie pia krosi (viungio) za propela, boliti za fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu, na bushi za mpira zilizo kwenye mikono miwili ya difu, ambazo katika gari la umri huu ni ajabu zikiwa bado nzima. Mtaimbo mfupi unatosha kuzipima.

Bushi hizo zinaweza kabisa kuwa chanzo cha kishindo unachokisikia, na kuzibadilisha si gharama kubwa. Mluzi ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sauti inayotokea gari likivuta na kupungua ukiachia mafuta kwa kawaida hutoka kwenye meno yenyewe. Mwaga mafuta ya difu, ukianza kufungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ya juu ikigoma kufunguka utabaki na difu tupu. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.

Ikiwa meno yamelika, sikushauri kuifufua difu hiyo. Kraunwili na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na hubadilishwa kama jozi, na kuzipanga kunahitaji shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), geji ya kupima uwazi wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na rangi maalumu ya kuonyesha mahali meno yanapogusana. Gereji ya kawaida haina vifaa hivyo. Tena, difu ya 1.6 ina kraunwili ndogo ya inchi 6 na inajulikana kwa udhaifu. Mazda yenyewe, mtengenezaji wa Eunos, ilipoleta injini ya 1.8 mwaka 1993 iliiwekea kraunwili ya inchi 7, na difu hiyo hukaa kwenye gari lako bila kuchomelea chochote.

Sharti ni kuinunua pamoja na hafu shafti zake mbili na propela yake, kwa sababu za 1.6 hazioani nayo. Muuzaji wa vipuri atakayekuuzia difu peke yake anakuuzia nusu ya kazi. Kabla ya kulipa, zungusha flanji kwa mkono usikilize kama kuna mkwaruzo. Weka sili mpya, kisha jaza mafuta ya 75W-90 ya daraja la GL-5 mpaka yaanze kutiririka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa.

Uwiano wa difu ya 1.8 ya miaka hiyo ni 4.1, na mita ya mwendo ya gari lako huendeshwa na giaboksi. Usiporekebisha gia ya mita, itasoma pungufu kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo mahali pa kilomita 50 kwa saa endesha 47 kwenye mita, hasa penye askari wa tochi.