Maswali na Majibu: Nyumba ya Wawili Wanapotengana

Barua kadhaa nilizopokea mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: wenzi wanapotengana, nyumba inabaki ya nani? Majibu yanafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambazo ni za Tanzania Bara, isipokuwa swali la mwisho lililotoka Mombasa.

Shikamoo mwanasheria. Hati ya nyumba yetu ya Kimara ina majina yetu sote wawili. Baada ya ugomvi nilikwenda kwa mama yangu wiki mbili, na niliporudi nikakuta kitasa kipya mlangoni. Mume wangu anasema nimeihama nyumba, hivyo sina changu tena. Je, ni kweli?

Marahaba. Si kweli. Jina lako halifutiki kwenye hati kwa sababu ulifunga virago. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyoandikwa majina ya mume na mke huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Kifungu cha 59 nacho kinamzuia mwanandoa kumfukuza mwenzake katika nyumba ya ndoa maadamu ndoa ipo na mahakama haijaamuru jambo jingine.

Hata hivyo, usivunje kitasa. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili ijulikane umezuiwa kuingia kwako, na kama kulikuwa na kipigo au vitisho, nenda kwenye dawati la jinsia la polisi. Kisha tafuta nakala ya hati. Wengi wanaokuja ofisini kwangu wana albamu nzima ya picha za harusi, lakini nakala ya hati hawana. Usipoipata nyumbani, omba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, na hapohapo uulize utaratibu wa kuweka zuio, ili mtu yeyote atakayetaka kununua au kukopesha fedha kwa dhamana ya nyumba hiyo aone kuwa kuna madai. Mkishindwa kupatana, anzeni katika baraza la usuluhishi la ndoa, kwa kuwa mahakama kwa kawaida haipokei shauri la talaka lisilo na hati ya baraza inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana.

Nyumba nimeijenga mimi mwenyewe kwa mshahara wangu, tofali kwa tofali. Mke wangu hajawahi kuajiriwa. Kwa nini nigawane naye? Msomaji, Mwanza.

Swali lako lilijibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama hiyo ilikubali kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kufua, kulea watoto na kuitunza nyumba ili mwenzako aweze kwenda kazini, ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Watu wanaolitaja shauri hili husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu ilionekana kwamba mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha naye akazitumia ovyo. Kwa maneno mengine, kazi ya nyumbani humpa mke haki ya kusikilizwa kuhusu mali, lakini kiasi atakachopata hutegemea ushahidi.

Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii ya wahusika. Baada ya hapo ndipo ielekee kwenye usawa. Nusu kwa nusu, basi, inawezekana lakini si lazima. Mshahara wako utahesabiwa, kwa hiyo tunza risiti za saruji na mabati na daftari la malipo ya fundi. Lakini mke aliyesimamia mafundi wakati wewe uko kazini, akawapikia na kuwatekea maji, naye ana la kusema, na majirani walimwona. Nyumba uliyokuwa nayo kabla ya ndoa inaweza pia kuingia katika mgawanyo iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako au kwa juhudi zenu wote.

Tumeishi pamoja miaka saba bila ndoa. Kiwanja kina jina lake. Je, nina haki?

Unaweza kuwa nayo. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa walioana. Dhana hiyo huweza kupingwa, kwa mfano ikithibitika kwamba yeye ana ndoa ya mke mmoja kwingineko. Hata ndoa ikikanushwa, kifungu hicho kinaacha nafasi ya mwanamke kuomba nafuu mahakamani.

Nyumba yetu ina mkopo wa benki. Tukikubaliana kwamba mume alipe, mimi nimeepukana na deni?

Hapana, ikiwa ulisaini mkataba wa mkopo kama mkopaji au mdhamini. Makubaliano yenu wawili hayaifungi benki. Iombeni kwa maandishi ikuondoe kwenye mkataba, au uzeni nyumba, lipeni deni, mgawane kinachobaki.

Mimi niko Mombasa. Je, Kenya ni nusu kwa nusu?

Si moja kwa moja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inagawa kwa mchango, na mchango usio wa fedha umo. Mali iliyonunuliwa katika ndoa kwa majina ya wote wawili huanza na dhana ya usawa, inayoweza kupingwa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa katika Katiba haumpi mtu nusu bila kuthibitisha mchango wake. Hata hivyo, katika shauri hilohilo mke alibaki na nusu yake. Na huhitaji kusubiri talaka ili mahakama itamke haki yako katika mali hiyo, kwani kifungu cha 17 kinakuruhusu kuomba tamko hilo mkiwa bado mmeoana.