Kabureta Yako Haijafa, Usikimbilie Kununua Mpya

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, pikipiki imelala miezi saba, fundi anasema kabureta imekufa ninunue mpya. Nifanyeje?" Moyo uliniuma, maana nami niliambiwa maneno hayohayo kuhusu kabureta yangu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Mwaka 2021 niliiacha Boxer yangu kwa mama, Dodoma, nikaenda kutafuta kazi Mtwara. Miezi tisa. Niliporudi nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka. Inawaka kwa choki tu (kile kinachozidisha petroli wakati wa kuwasha), ukirudisha choki inazima, sailensa, yaani mngurumo wa chini bila kuvuta mafuta, haikai kabisa. Fundi niliyemwamini miaka yote akaifungua, akatikisa kichwa: "Hii tupa." Nikatoa 60,000. Ya zamani ikabaki kwake. Wiki mbili baadaye nikaikuta kwenye pikipiki ya jirani, na alama niliyoichora mwenyewe kwa msumari, inanguruma vizuri. Sijasahau mpaka leo.

Tangu hapo nafungua mwenyewe. Jumamosi iliyopita nimeifufua ya shemeji yangu, iliyolala zaidi ya mwaka. Nilipotoa bakuli la chini, harufu haikuwa ya petroli tena, ilikuwa kama vanishi, na utando wa kahawia umeganda kama asali. Petroli ikikaa, ile nyepesi huruka, nzito hubaki ikaganda. Pa kwanza kuziba ni jeti ndogo, ya sailensa, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli. Tundu lake hata sindano ya kushonea haipiti. Niliiinua juani: giza tupu. Nikailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, nikapitisha uzi mmoja laini wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, nikapuliza kwa kompresa. Nikaiinua tena. Nukta ya mwanga, duara safi! Kiki ya tatu ikawaka.

Usichokonoe kwa waya wa chuma. Jeti ni laini, utapanua tundu na pikipiki itakula mafuta. Mipira itoe kwanza, dawa huiharibu. Skrubu ya hewa, kabla hujaitoa, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko, ndipo utajua pa kuirudisha.

Na vijana wenzangu, tuache kukabidhi mali zetu huku tumekaa pembeni tunachezea simu. Simama karibu, tazama, uliza. Kifaa kikibadilishwa, dai cha zamani uondoke nacho, ni chako! Ukisafiri, funga koki ya mafuta, legeza skrubu ya bakuli, mwaga yote. Dakika tano tu.

Wewe uliyeniandikia, kesho kabla ya kwenda dukani, toa ile jeti ndogo uinue juani. Kisha niambie umeona nini.