Jamvi la baraza limepasuka kabla ya mwaka: ni saruji, ni nondo, au ni udongo?

SWALI

Injinia, habari za kazi. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma. Oktoba mwaka jana tulimwaga jamvi la zege nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, mita 6 kwa 4, tupate pa kukaa jioni na pa kuanikia mahindi. Kesho yake tu tuliona vijinyufa vyembamba. Fundi akasema ni jua, akapiga niru (rojo la saruji la kulainisha uso), vikapotea. Mvua zilipoanza ukingo wa nje ukainuka, na sasa kuna ufa unaokata jamvi zima sambamba na ukuta wa nyumba. Kidole cha mtoto kinaingia. Maji ya mvua yanarudi jikoni. Fundi anasema saruji ilikuwa mbovu, mume wangu anasema ni kwa sababu nondo hazikuwekwa. Udongo wetu ni ule mweusi, kiangazi unapasuka. Nimeshauriwa nibandike vigae juu yake niwe nimemaliza. Nifanyeje? Na nikijenga upya, nijenge nini kitakachostahimili jua, upepo na mvua za huku?

JIBU

Dada, vigae acha kwanza. Ufa wa chini utapanda hadi kwenye vigae masika ya kwanza tu, nawe utakuwa umelipa mara mbili kwa tatizo lilelile.

Saruji yako sikuiona, kwa hiyo siitetei. Ila hayo uliyoeleza ni magonjwa mawili tofauti, na hakuna hata moja linalohitaji saruji mbovu ili litokee. Yote mawili ni ya maji. La kwanza ni maji yaliyotoka juu ya zege haraka mno. La pili ni maji yaliyoingia ardhini upande mmoja.

Tuanze na vile vijinyufa. Zege likishamwagwa na kusawazishwa hutoa jasho: maji hupanda juu, uso unang'aa kama umepakwa mafuta. Upepo na hewa kavu vikiyachukua maji hayo kwa kasi kuliko yanavyopanda, ngozi ya juu inasinyaa wakati tumbo bado ni laini. Inachanika. Nalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamia jamvi la stoo lililomwagwa Septemba, saa saba mchana, pepo zikivuma. Tulikwenda kula. Tuliporudi ule mng'ao ulikuwa umekwisha na uso mzima umejaa alama kama kuku wamepita. Mwenye stoo aliniuliza kama mimi ni injinia au ni dereva wa injinia. Jua lilichangia, lakini mchawi mkubwa alikuwa upepo. Niru inavificha vijinyufa hivyo, haivitibu, na jamvi la nje lenye niru huteleza kama sabuni likilowa.

Ule ufa mkubwa ndio kesi yenyewe. Udongo mweusi wa mbuga hunywa maji ukavimba, hukauka ukanywea. Oktoba, ulipomwaga, ardhi ilikuwa kavu kuliko wakati wowote wa mwaka, yaani ilikuwa imenywea kabisa. Mvua zilipokuja, maji yaliingia kwanza kwenye ukingo wa nje. Udongo wa pale ukavimba na kuliinua jamvi, huku wa katikati na wa karibu na ukuta, uliofunikwa na zege, ukiwa bado mkavu. Zege halikunjiki: likabebwa upande mmoja, likavunjika kati. Ndiyo maana ufa wako umelala sambamba na nyumba, na ndiyo maana maji sasa yanarudi jikoni.

Tena maji hayo mengi hayakutoka mbali. Kama bati la upande huo lina mita za mraba 60 na halina gata, mvua moja ya milimita 30 inakumwagia lita 1,800 palepale pembeni mwa jamvi. Ningekuwa wewe, kabla hata ya kuvunja zege ningefunga gata na kuyapeleka maji kwenye simtanki. Dodoma nani anachezea maji? (Simtanki lenyewe usiliweke juu ya baraza. La lita 5,000 likijaa ni tani tano. Lijengee kitako chake pembeni.)

Sasa kuhusu hoja ya shemeji ya nondo. Ana haki nusu. Chuma hakizuii zege kupasuka. Kazi yake ni kuushika ufa usipanuke na pande mbili zisipandiane. Udongo wa mbuga ukiamua kuinuka, wavu wa milimita 6 hauna ubavu wa kuuzuia.

Kabla hujatoa hela, pima udongo wako. Chimba kina cha nusu mita, chukua donge, likaushe juani, lisage, ulichekeche kwa chujio la chai. Tafuta bomba kubwa la sindano, lile la mililita 60, bila sindano. Uzibe mdomo kwa gundi, ulijaze maji hadi karibu na juu. Pima mililita 10 za unga huo kwa kikombe cha dawa ya watoto, uumimine ndani kidogokidogo ukizama wenyewe. Acha hadi kesho. Ukiukuta umesimama kwenye 15 au chini, una udongo wa kuzungumza nao. Ukiukuta kwenye 20 au zaidi, ujue uliliweka lile jamvi juu ya kitu kinachopumua.

Nadhani utaukuta kwenye 20. Basi una njia mbili, na ninakuambia kwa uwazi kwamba ya pili wengi hawaipendi kwa sababu haina sura ya kifahari.

Njia ya kwanza ni kuuondoa udongo huo. Vunja jamvi, chimba sentimeta 60, na upite nusu mita nje ya mipaka ya baraza kwenye pande tatu zisizo na nyumba. Hapo unatoa karibu meta 19 za ujazo. Upande wa nyumba angalia sana: kama msingi wako ni mfupi, usifungue mtaro mrefu kandokando yake kwa siku moja. Chimba kipande cha mita moja na nusu, jaza, shindilia, ndipo ufungue kinachofuata, na usishuke chini ya kitako cha msingi. Kisha rudishia moramu, si mchanga wala kokoto tupu. Hapa mafundi wengi huteleza. Kokoto zinapitisha maji, na ukizijaza kwenye shimo la udongo mweusi umejichimbia bwawa chini ya baraza. Moramu nzuri ina udongo kidogo wa kuishikanisha, ikishindiliwa maji yanapita juu. Iweke tabaka la sentimeta 15, ilowe kiasi cha kushikana mkononi bila kuchuruzika, pitisha kompakta, ndipo tabaka jingine. Agiza meta 24 za ujazo, kwa kuwa ikishindiliwa hulala. Kushindilia kwa gogo na wimbo kunatosha kwa kibanda cha kuku.

Njia ya pili: kama hela ya kuchimba haipo, usimwage zege. Ondoa sentimeta 20 au 30, weka moramu, tandaza mchanga, panga matofali ya pevingi yenye ukingo uliojengewa. Yataondoka kwenye mstari, ndiyo. Baada ya miaka miwili mitatu utamwita kijana ayainue pale palipozama, asawazishe mchanga, ayarudishe. Zege lililopasuka halirudishiki. Nyumbani kwangu nina pevingi, na wageni wamekwishanicheka.

Tuseme umechagua zege. Muda mzuri wa kuanza kwa Dodoma ni Mei, mvua zikishakata: ardhi bado ina unyevu wa kadiri, haijavimba kabisa wala haijanywea. Baraza liwe na mteremko wa sentimeta 2 kwa kila mita kwenda nje, maana yake kwa upana wako wa mita 4 ukingo wa nje utakuwa chini kwa sentimeta 8. Vuta uzi na utumie pima maji, usikubali jicho la mtu. Unene sentimeta 10. Pande tatu za nje uchimbie mdomo wa sentimeta 20 kwa upana na 30 kwenda chini, wenye nondo mbili za milimita 12, umwagwe pamoja na jamvi. Mdomo huo unachelewesha maji kupenya chini yake.

Kati ya jamvi na ukuta wa nyumba acha nafasi ya sentimeta moja, ujaze povu gumu lile linalokuja na boksi la televisheni, mwishoni uzibe juu kwa silanti ya nje. Jamvi lisishikane na nyumba hata kidogo. Kila kimoja kiende njia yake.

Halafu panga nyufa mwenyewe. Zege likikauka husinyaa karibu nusu milimita kwa kila mita. Urefu wako wa mita 6 utapungua milimita 3 hivi. Joto nalo lina lake: toka usiku wa Julai wa nyuzi 14 hadi mchana wa Novemba jamvi likiwa limechemka, tuseme tofauti ya nyuzi 30, mita hizo 6 zinarefuka na kufupika kama milimita 2. Ni kidogo, lakini lazima zitokee mahali. Ukizikatia mistari kila mita 2 unapata miraba sita, na ufa utafuata mkato, chini, usikouona. Mkato uwe na kina cha milimita 25 hadi 30, yaani robo ya unene. Ukikata kwa mashine kesho kutwa umechelewa, zege limeshajichagulia pa kupasukia. Likimwagwa jioni, likatwe asubuhi yake, mara tu msumeno unapopita bila kung'oa kokoto.

Wavu wa BRC wa A142 (nyaya za milimita 6) uwe juu, si chini: sentimeta 4 kutoka uso wa zege, ukikalia biskuti, yaani vijitofali vya saruji vya kuuinua. Kwenye mistari ya mikato kata waya mmoja, ruka mmoja. Utasikia fundi akisema, "mama usijali, tutauvuta juu tukishamwaga". Hauvutwi. Watu wanaukanyaga, unabaki chini na moramu, na hela yako pamoja nao.

Mchanganyiko upime kwa ndoo ya lita 20 iliyokwanguliwa juu. Toroli la kulundika si kipimo, kila kijana ana mlundiko wake. Mfuko mmoja wa saruji ya 42.5, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo tano na robo: hiyo ndiyo moja kwa mbili kwa tatu. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza, kwa kuwa umeshakuja na maji yake. Ukiona zege linatiririka kama uji, rudisha ndoo ya maji nyuma. Maji ya kisima ukiyaonja yakawa na chumvi, usiyachanganyie zege lenye chuma. Kwa jamvi zima weka bajeti ya mifuko 20, na ule mdomo wa pembeni uuongezee mifuko 6 au 7.

Siku ya kumwaga anza saa kumi jioni, moramu ikiwa imenyunyiziwa na nailoni imetandazwa. Upande unakotoka upepo funga turubai kwenye miti, urefu wa mtu. Likishasawazishwa subiri ule mng'ao uondoke wenyewe; usinyunyize saruji kavu kuunyonya wala maji ili mwiko uteleze, vyote viwili vinakupa uso unaotoa vumbi. Mwisho pitisha fagio la chelewa taratibu, kwa mistari inayokata mteremko. Hiyo ndiyo finishingi ya nje, mguu hautelezi.

Funika kwa nailoni usiku uleule, uizuie kwa matofali pembeni. Asubuhi baada ya kukata, weka magunia yaliyolowa na nailoni juu yake, na yasikauke kwa siku kumi. Kumwagilia asubuhi na jioni bila kufunika, kwa upepo wa Dodoma, ni kuliosha zege tu. Saa mbili baadaye limekauka. Mahindi yasubiri.

Na bustani ya maua ukitaka kuipanda kando ya baraza, iweke mita moja na nusu mbali. Mtu anayemwagilia maua kila jioni upande mmoja anafanya kazi ileile iliyofanywa na mvua ya Desemba.

Jamvi la sasa ukiamua kulivunja, vipande vyake usivitupe. Vipangwe chini pale maji ya gata yanapotokea kama simtanki likifurika, yasichimbe korongo.