Aliungua saa ngapi? Maswali yenu kuhusu majeruhi wa moto

Baridi ya Juni ikishaingia Njombe, Makete na Mbeya, jiko la mkaa huhamia ndani, na sufuria ya maji ya kuoga hukaa chini, usawa wa mikono ya mtoto anayejifunza kutembea. Ndiyo miezi ambayo barua zenu hugeuka kuwa za moto. Nimechagua nane, baadhi za wauguzi wenzangu na nyingine za wazazi na ndugu wa wagonjwa. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo sista. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, niko fildi. Nilimpokea mama aliyelipukiwa na jiko la gesi, nikaandika ameungua asilimia 40 ya ngozi ya mwili. Daktari akaja akaandika 22. Nilikosea wapi?

Marahaba. Nadhani ulihesabu wekundu. Karibu kila mwanafunzi hufanya hivyo, nami nilifanya. Ngozi iliyo nyekundu tu, kavu, bila lengelenge wala kuchubuka, haiingii kwenye hesabu hata kama inamuuma. Anza kuhesabu pale palipotoa malengelenge au palipobanduka.

Kanuni ya tisa unaijua: kichwa na shingo 9, kila mkono 9, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Kosa lingine ni kuona moto umegusa mkono ukaandika 9 nzima, kumbe umeunguza upande wa nje tu, kutoka kiwiko hadi kiganja. Majeraha yakiwa ya viraka viraka, tumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake vilivyobanwa. Hicho ni kama asilimia 1. Nasisitiza cha mgonjwa, kwa sababu nimewahi kumkuta mwenzangu akimpima mtoto wa miezi kumi kwa kiganja chake yeye, kiganja cha mtu aliyekua akilima.

Kwa mtoto kanuni ya tisa inadanganya. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni kama asilimia 18 au 19 ya mwili wake, na kila mguu ni kama 14 tu. Hapo tunatumia chati ya Lund na Browder, inayogawa asilimia za mwili kwa umri, ambayo ipo tangu 1944. Toeni nakala mbandike ukutani kwenye chumba cha kufungia vidonda.

Na uliwahi kumgeuza? Hesabu isiyoona mgongo si hesabu. Vua nguo zote, vua pete, bangili na shanga za kiunoni mapema kabla ya mwili kuvimba, mgeuze, tazama, kisha mfunike upesi, maana mtu asiye na ngozi hupoteza joto haraka hata Dar es Salaam mwezi wa Februari. Ukimaliza, chora. Na juu ya mchoro, kabla ya asilimia yoyote, andika saa aliyoungua. Si saa aliyofika kwako. Utaona chini kwa nini.

Abiria wa bodaboda aligusa bomba la moshi kwa ndani ya mguu, chini ya goti. Sasa ni siku ya nane. Pameacha duara jeupe, gumu kidogo, wala halimuumi. Tuliache lipone lenyewe?

Kutouma ndiko kunakonitisha. Jeraha la juu juu huuma sana kwa sababu mishipa ya fahamu bado ni hai. Bonyeza kwa kidole chenye glavu: pakipauka halafu wekundu ukarudi, damu inapita na patapona vizuri. Pakibaki peupe, au pakiwa pa kahawia kama ngozi ya ngoma, na mgonjwa hasikii hata ukimgusa kwa ncha ya sindano, ngozi imekufa hadi chini. Duara dogo kama shilingi linaweza kujifunga lenyewe polepole kutoka pembeni. Likiwa kubwa kuliko hapo, mpeleke kwa daktari wa upasuaji, huenda likahitaji kukatwa na kupandikizwa ngozi. Muulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Majeraha madogo ndiyo tunayosahau kuyauliza hilo.

Niko kituo cha afya, Rukwa. Mgonjwa wa kilo 60, ameungua asilimia 30, alifika saa tatu baada ya kuungua. Fomula ya Parkland, ya kukadiria dripu ya aliyeungua, naijua lakini nilipofika kwenye matone nikachanganyikiwa.

Tuifanye pamoja. Mililita 4 mara kilo 60 mara 30 ni 7,200, za Ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi), kwa saa 24. Nusu yake, 3,600, iingie katika saa 8 za kwanza. Saa 8 hizo zinaanza moto ulipomgusa. Yeye ametumia tatu njiani, zimebaki tano. Kwa hiyo ni mililita 720 kwa saa, yaani 12 kwa dakika. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 240 kwa dakika, na hakuna jicho la muuguzi linaloweza kuhesabu matone 240. Ndipo ulipochanganyikiwa, na si kosa lako.

Weka kanula mbili kubwa (vijimrija vya kuingiza dripu mshipani), ikiwezekana mahali ambapo hapajaungua, na uache kuhesabu matone. Hesabu chupa. Chupa ya nusu lita inatakiwa iishe kwa dakika kama 42 kwa njia zote mbili. Bandika plasta kwenye chupa, andika saa ya kuanza na saa inayotakiwa kuisha. Ndugu wa mgonjwa akifundishwa, atakuita kabla haijaisha.

Sasa neno ambalo fomula haikwambii. Hiyo hesabu ni ya kuanzia tu. Siku hizi wengi huanza na mililita 2 badala ya 4 kwa mtu mzima, kwa sababu maji mengi mno nayo huvimbisha mapafu, tumbo na viungo. Anayekujibu kama umepatia ni mkojo. Weka mpira wa mkojo, upime kila saa. Kwa mtu mzima tunataka kama nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa huyu wako ni 30. Mtoto tunataka mililita 1 kwa kilo. Ukipungua, ongeza dripu, ukizidi sana, punguza. Aliyeungua na umeme tunamtaka akojoe zaidi, na mkojo ukiwa wa rangi ya chai au kokakola, misuli imeungua ndani na figo ziko hatarini. Huyo asilimia za ngozi hazikuambii lolote la maana.

Dripu iende naye akipewa rufaa. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, majeruhi wengi walihamishiwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 200 kutoka pale. Kwa aliyeungua, barabara ya namna hiyo ni sehemu ya matibabu. Atakayempokea upande wa pili anahitaji karatasi yenye saa ya kuungua, chupa zilizoingia na mkojo uliotoka.

Mama mkwe anasema aliyeungua akinywa maji anakufa. Mume wangu analia kiu. Nimpe?

Pole sana dada. Kiu hiyo ni ya kweli, maji ya mwilini yanavujia kwenye vidonda. Imani ya mama haikutoka hewani: aliyeungua sana akagugumia maji matupu mengi hutapika, na chumvi ya damu hushuka. Kama mumeo yuko macho, anameza vizuri na wauguzi hawajamzuia kwa ajili ya upasuaji, mpe kidogo kidogo maji yenye ORS, uji, maziwa. Waulize kwanza, maana wanaandika kila anachokunywa. Mama mkwe mpe kazi ya kuleta mayai, dagaa na maharage. Mwili ulioungua unakula kama tanuri, na tunataka protini gramu 1.5 hadi 2 kwa kila kilo ya mtu mzima kila siku.

Habari ya leo. Nafanya kazi wodi ya dharura, Mombasa. Tulimpokea kijana aliyetolewa kwenye chumba kilichoungua na godoro. Anaongea, oksijeni inasoma 98. Daktari akakimbilia kumwekea mpira kooni. Haikuwa haraka mno?

Sauti yake ilikuwaje? Nina hakika ilikuwa imekwaruza. Tazama nywele za puani zilizoungua, masizi kwenye makohozi, midomo iliyovimba, na muulize alikuwa wapi: chumba kilichofungwa ni habari tofauti kabisa na moto wa uwanjani. Koo lililoungua huendelea kuvimba kwa saa nyingi, hadi siku nzima. Anayeongea saa 2 usiku anaweza asipitishe hata mpira mwembamba saa 6. Daktari wako aliwahi mlango kabla haujafungwa.

Na ile 98 isikutulize. Kile kifaa cha kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu ya moshi, kaboni monoksaidi. Zote huziona sawa. Ndiyo maana aliyetoka kwenye moshi hupewa oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko, hata kama namba inapendeza. Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua kama saa 4 au 5 kupungua nusu, kwa oksijeni tupu ni kama saa 1. Mkalishe akiwa ameinuka kitandani. Kama kifua kimeungua kuzunguka pande zote, angalia kinavyopanda: ngozi iliyokauka hukibana kama mkanda, na huenda ikabidi ichanwe. Mkono au mguu ulioungua kuzunguka nao uinue juu, uguse vidole kila saa kuona kama bado vina joto na damu inarudi ukivibonyeza.

Mwanangu wa miaka 2 alijimwagia chai. Jirani akampaka dawa ya meno, shangazi akasema manyoya ya sungura. Nani yuko sahihi?

Hakuna, wasamehe. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Barafu hapana. Yanasaidia hata kama zimepita saa, mradi ziwe ndani ya tatu. Vua nguo zilizolowa chai na nepi, poza palipoungua peke yake na sehemu nyingine zibaki na joto, kisha funika kwa kitambaa safi au ile nailoni safi ya kufungia chakula. Lengelenge usilitumbue nyumbani. Dawa ya meno, unga, yai na manyoya vinatupa sisi kazi ya kuvisugua kwenye ngozi ya mtoto anayelia ili tu tuone kina cha jeraha. Jeraha likizidi kiganja chake, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, njoo siku hiyo hiyo.

Wagonjwa wetu wanapiga kelele wakati wa kufunga vidonda mpaka wodi nzima inalia. Matroni anaogopa morfini, ile dawa kali ya maumivu. Tufanyeje?

Niwape kisa changu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali nisiyoitaja, nilimchoma mgonjwa aliyeungua vibaya morfini ya paja. Haikumsaidia. Nikarudia. Damu ilikuwa imeikimbia misuli, dawa zote mbili zimekaa pale pale pajani zikisubiri. Dripu zilipoanza kumrudisha, zikaingia kwa pamoja. Nilimkuta anapumua mara 8 kwa dakika. Alipona, lakini mimi nilijifunza: kwa majeraha makubwa, siku za mwanzo, morfini ni ya mshipani, dozi ndogo ndogo, ukiwa umekaa kando yake unahesabu pumzi.

Baadaye anayemeza apewe ya kunywa, nusu saa hadi saa nzima kabla hujagusa bandeji, pamoja na paracetamol. Wengi wetu huitoa na kuanza kufungua palepale, halafu tunasema dawa haifanyi kazi. Lowesha gozi mpaka iachie yenyewe, usiibandue. Majeraha makubwa au mtoto, omba ketamini, dawa ya usingizi, na mtu wa kuisimamia. Na mwambie matroni kwamba mgonjwa aliyeumizwa jana leo hatakula wala kunyoosha mkono, na kesho kutwa atakuwa na kiungo kilichokakamaa.

Kwa nini wauguzi walimnyang'anya dada yangu mto? Ameungua shingoni, analala kwa taabu.

Kwa sababu mto ungekunja shingo yake mbele, na kovu la shingo hupenda sana kupona likiwa limekunjamana. Nimewaona watu ambao kidevu kimeshikana na kifua, mdomo haufungi, mate yanatoka. Mkao unaompa nafuu ndio mkao ambao kovu litamfunga. Mwekeni kitambaa kilichoviringishwa chini ya mabega, kichwa kiende nyuma kidogo. Kama ameungua na kwapa, mkono ukae mbali na mwili, pembeni, juu ya meza au mto. Naam, ule mto walioutoa kichwani unaweza kurudi hapo. Viganja vifungwe usiku kwa gango (kibao cha kuvinyoosha), vidole vikiwa vimetenganishwa na gozi. Mchana anyanyue shingo, atazame dari, ageuke kulia na kushoto, mara nyingi, akiwa amepewa dawa ya maumivu. Atakuchukia kwa wiki kadhaa. Kovu huendelea kuvuta kwa mwaka na zaidi, kwa hiyo mazoezi hayaishii siku ya kuruhusiwa, na usiku wa kwanza akirudi nyumbani kuna shangazi atakayemletea mto kwa huruma. Mpigie huyo shangazi kabla ya gari kufika.