Re: Festival of the Lion King, mtoto wa miaka minne ataiweza?

Dada, uliuliza kama kwenye Festival of the Lion King kule Animal Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, watawarushia ile filamu ya The Lion King ya 1994 kwenye skrini. Hapana, si sinema. Ni watu wanaimba, wanacheza na kupiga sarakasi mbele ya macho yenu kwa takribani nusu saa. Hadithi yenyewe mwanzo hadi mwisho msiitarajie. Ni nyimbo zile zile mnazozijua, na vituko katikati.

Jukwaa liko kati, watazamaji pande nne, na kila upande una mnyama wake: simba, tembo, twiga au ngiri. Kabla hawajaanza mnafundishwa kulia kama mnyama wenu, kwa hiyo koo liwe tayari! Simba anaingia akiwa sanamu kubwa juu ya gari lililopambwa, anageuza kichwa na kuzungumza. Halafu wanakuja wanasarakasi waliovalia kama nyani, wakibembea na kurukaruka kwenye vyuma. Hapo watoto hucheka mpaka basi.

Kuhusu woga: yupo mtu anayechezea moto, na ngoma zina kishindo. Kama wako hushtuka kwa kelele, epukeni viti vya mbele.

Tangu 2014 onyesho liko Harambe, kijiji cha kuigiza humo humo ndani ya bustani, kilichochota sura yake Lamu. Vibao vya Kiswahili utavisoma mwenyewe, uamue kama wamepatia. Hamlipi tena mlangoni, tiketi ya bustani inatosha. Mimi ningeenda mchana jua likiwa kali, maana ukumbi una kiyoyozi.