Chumvi ngumu, gesi nyepesi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Chumvi ya Gongoni ina klorini, na HCl (haidrojeni kloridi) ina klorini. Mbona moja ni fuwele, nyingine gesi? – Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Ganda la nje la atomu ya klorini lina elektroni 7. Yataka moja tu itimize 8. Katika chumvi huinyakua kabisa kwa sodiamu, zikabaki ioni, yaani chembe zenye chaji, zinazovutana kila upande. Ndipo chumvi ikangoja nyuzi 801 za Selsiasi iyeyuke! Haidrojeni haiachii yake, hivyo huchangia jozi moja ya elektroni na klorini, ingawa klorini huivutia kwake zaidi. Hiyo ndiyo bondi kovalenti. Ina nguvu, lakini molekuli na molekuli hazishikani sana, basi HCl huchemka kwenye nyuzi 85 chini ya sufuri. Katika Cl₂, yaani klorini mbili zilizoungana, mvuto ni sawa kwa sawa. Ukichora, usisahau jozi tatu za elektroni zinazobaki kwa kila klorini. Wengi wenu huziacha, nami hukata alama.