Maswali ya Jikoni: Chupa Nyeusi ya Soya Sosi

Safari hii maswali mengi ni ya kitu kimoja. Sishangai, maana siku hizi hapa Lamu hata kamba wa kukaanga hawaliwi mpaka ile chupa nyeusi ipite.

Mume wangu ana presha. Daktari kamkataza chumvi, nami nimeiacha kabisa, natia soya sosi tu. Nafanya sawa? (Mama, Langoni)

Dada yangu, chumvi umeitolea dakani ukairudisha kwa uani. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi ya kawaida kina chumvi gramu 2 na ushei. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na humo mumo umo mkate, achari na papa mkavu.

Juzi nilijipima mwenyewe. Nilikuwa napika ngisi, nikamimina kama mkono ulivyozoea, ila kwanza ndani ya kikombe. Vijiko vikubwa vitatu! Karibu gramu 7 za chumvi kwa watu wanne, na unga wa mchuzi wa pakiti sijaugusa bado. Tangu siku hiyo natia kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima, mwisho kabisa, moto ukiwa chini, na chumvi nyingine siongezi. Ukali nautafuta kwenye ukwaju, ndimu, thomu na tangawizi.

Ile iliyopunguzwa chumvi ni afadhali, lakini chumvi bado imo nyingi. Tena baadhi huwekwa potasiamu badala yake, kwa hiyo mwenye matatizo ya figo aulize kliniki kwanza.

Soya si ina protini? Basi wali wa watoto nikiutia soya sosi, lishe si imetimia? (Baba, Shela)

La, ami. Kijiko kikubwa kina protini gramu 1 hivi; yai moja lina kama 6. Wape kunde, wape samaki. Soya sosi ni kiungo cha ladha.

Nasikia huchachushwa. Ina pombe? (Msomaji, Mkomani)

Ile ya asili hutengenezwa kwa soya na ngano zilizooteshwa ukungu maalumu, kisha hutiwa maji ya chumvi na kuachwa miezi kadhaa. Katika kuchacha hutokea alkoholi kidogo, mara nyingi kama asilimia 2, na viwanda vingine huongeza kidogo ili isiharibike. Hukumu yake waulize masheikh, si mimi mpishi. Ninachofanya ni kutafuta alama ya halali na kusoma viambato. Ziko pia za haraka, ambazo protini ya soya huvunjwa kwa asidi kwa siku chache tu bila kuchachushwa. Kwa ulimi wangu, hizo zina chumvi nyingi na utamu mdogo.

Mwanangu hapatani na ngano. (Mama, Matondoni)

Basi asiionje kabla hujasoma kibandiko, kwani nyingi zina ngano. Tamari, soya sosi ya namna ya Kijapani, kwa kawaida ni ya soya tupu, lakini isome nayo pia.

Lazima iwekwe kwenye friji?

Kwa chumvi ile haiozi upesi. Ila joto letu huipunguza harufu na kuizidisha weusi. Huna friji, nunua chupa ndogo, na usiiweke kando ya jiko.